Chumba cha Bluu cha Shangazi Taaka

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katikati ya kipindi cha kemia. Nakumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama ile ya ukutani, nikingoja chai. Kisha nikasikia harufu ya maziwa yaliyoungua.

"Achieng," nikamnong'oneza jirani yangu wa dawati, "nani ameunguza maziwa?"

"Maziwa wapi? Wewe una njaa tu."

Baada ya harufu kikaja chumba. Sijui niseme vipi ili nieleweke. Dawati lilikuwepo, ubao ulikuwepo, mwalimu alikuwa anaandika, lakini hapo hapo nilikuwa pia ndani ya chumba kidogo chenye kuta za bluu, na nje ya mlango alisimama mtu ambaye alikuwa karibu kuniita. Nilikijua chumba kile kuliko ninavyoijua sura ya mama yangu. Nilikuwa na hakika kwamba nimewahi kukaa humo, na kwamba nikisubiri kidogo tu nitalielewa jambo kubwa ambalo wengine hawalijui. Sijawahi kuwa na hakika namna ile juu ya kitu chochote, hata juu ya Mungu.

Halafu sikujua kitu tena.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni. Madawati yalikuwa yamesukumwa kando na darasa zima limebanana ukutani. Ulimi wangu ulikuwa umevimba, mdomo una ladha ya chuma. Sketi ilikuwa imelowa. Msichana wa nyuma alikuwa anasema, "Msimguse, mate yake yanaambukiza." Achieng alivua sweta lake akanirushia ili nijifunike mapajani. Alilirusha. Hakuja. Lakini ni yeye peke yake aliyeifikiria sketi yangu, na mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimlaumu, kwa hiyo nafanya yote mawili.

Naitwa Taaka. Nyumbani ni Busia upande wa Uganda, na shule yangu iko upande wa Kenya, basi kila asubuhi navuka mpaka kwa miguu kando ya malori yanayosubiri kupita. Baba yangu hushughulikia karatasi za malori hayo. Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali najibu kwa sauti ya chini mpaka mwalimu aniambie nirudie, na nikirudia inakuwa chini zaidi. Ndiyo maana naandika. Mtama umeshavunwa mara nyingine tangu siku ninayokusudia kuisimulia, mabaya zaidi yamenipita, na naandika kwa ajili ya msichana mwingine popote alipo ambaye naye amerushiwa sweta.

Mama alinipeleka Tororo. Mama ni Mjapadhola wa Kiyeyi, karibu na Tororo, na kwake jambo likiwa zito linapelekwa Tororo, kama vile ule mwamba mkubwa juu ya mji unasaidia kuamua. Kliniki ya watu wanaoanguka ilikuwa Alhamisi. Tulikaa kwenye benchi la mbao kwenye veranda, tukisogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni, na kila ukisogea unakalia joto la mtu aliyetangulia. Mwanzoni nilichukia joto lile. Baadaye nilianza kulipenda, kwa sababu ni joto la mtu mwenye ugonjwa kama wangu, na yeye ameshaingia.

Watu wa benchi walijuana kwa makovu. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Kwapa alikuwa na mkono uliokunjamana kwa moto. Mzee mmoja hakuwa na meno ya mbele. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ilikuwaje.

Alhamisi ya pili nilikaa karibu na mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yake ina duka la misumari na rangi mjini. Walimwita Mama Kirit, na Kirit mwenyewe alikuwa pale, mwanamume mzima mwenye upara na kovu kidevuni. Mama yake alimshikia ndala zake mkononi, kwa sababu Kirit alipenda kukaa miguu mitupu.

"Ya kwako inakuja na nini?" Kirit akaniuliza, kama vile tunaulizana timu za mpira.

Nilitazama chini. "Maziwa yaliyoungua. Halafu chumba."

"Afadhali wewe. Mimi naletewa wimbo. Wimbo ule ule, miaka yote, na wala si mzuri."

Mama yangu akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile Jumanne. Mama Kirit hakucheka. Alinigeukia, akaniambia kwa ule upole wa mtu anayepima rangi kwenye kopo kwamba haya yote ni karma. Nilikuwa nimewahi kusikia neno hilo kwa wasichana wa shule, ambao hulitumia mtu akianguka baada ya kumcheka mwenzake. Yeye alilitumia kama jina la ndugu.

"Si adhabu, mtoto. Usiogope. Ni kama mbegu. Zamani, maisha ingine, mtu alipanda. Sasa inaota. Hapana hasira ya mtu."

"Mama," Kirit akasema, "mimi sawa, navuna. Wewe unabeba ndala zangu kwa shamba ya nani?"

Mama Kirit alizitazama zile ndala. "Labda tulipanda pamoja," akasema.

Halafu akaendelea, kwamba dunia hii tunayoishika ni pazia tu, inaonekana kweli na si kweli, na anayeanguka labda anachungulia upande wa pili. Kirit akamwambia, "Basi hata hii foleni si kweli. Twende nyumbani tukale." Benchi zima likacheka, na nesi akatoka kuona kuna nini.

Mimi sikucheka. Maneno ya pazia yaliniingia. Nilikuwa nimeogopa kumwambia mtu yeyote kwamba chumba cha bluu kilikuwa kweli kuliko darasa, na sasa mtu mzima, mwenye akili zake na duka lake, alikuwa ananiambia kwamba huenda.

Nilipewa vidonge. Mvua za masika zilianza wiki ile, na kwa muda mrefu sikuanguka, lakini nililala. Nililala darasani, kanisani, mezani kijiko kikiwa mkononi. Watu walipopalilia karanga nilikuwa nasinzia. Kumbikumbi walipotoka, ndugu yangu mdogo aliwaleta kwenye sufuria akanitikisa bega nikale, nikaamka, nikala, nikarudi kulala na mabawa yamenasa midomoni.

Kisha mwili ukaanza kubadilika. Fizi zilivimba zikawa zinapanda juu ya meno, na nikipiga mswaki natema damu. Nywele nyembamba ziliota mikononi na juu ya mdomo. Nilizoea kucheka nikiwa nimefunika mdomo kwa aibu yangu ya kawaida, na sasa nikawa sicheki kabisa. Mvulana mmoja wa darasa letu aliniambia, "Taaka, utatuazima wembe?" Achieng akamjibu kabla sijainamisha kichwa, "Wewe wembe wa nini, kwako hakuna cha kunyoa." Tulikuwa hatujazungumza tangu lile sweta. Nilimwangalia, naye akaangalia daftari lake.

Nawaambia haya ili mjue kwamba dawa ina mambo yake, na kwamba inaweza kubadilishwa. Ya kwangu ilibadilishwa baadaye, na fizi zilirudi. Lakini wakati ule sikujua kwamba mtu anaruhusiwa kumwambia daktari, "Hii inanifanya nisitake kuonekana." Nilidhani hiyo ndiyo bei.

Kukhu, ndiye bibi yangu, mama wa baba, alikuja kutoka kijijini Bulumbi mvua zilipopungua. Siku ya kwanza tu aliniwekea kikombe changu, cha kijani cha plastiki, na sahani yangu, akavitenga kwenye rafu peke yake.  Aliniwekea kwa upole, kama unavyomtengea mgeni. Mama aliviona, akavichukua akavichanganya na vyombo vingine. Asubuhi vilikuwa vimetengwa tena. Waliendelea hivyo wiki nzima, vyombo vinahama na kurudi, wala hakuna aliyefungua mdomo. Baba alikunywa chai yake akitazama ukuta.

Siku moja tukichambua maharagwe Kukhu akaniuliza, "Wewe ukianguka, naona nini?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo nyumbani. Nyumbani waliniuliza kama nimemeza dawa.

"Naona chumba, Kukhu."

"Chumba ya namna gani?"

"Kidogo. Kuta za bluu. Kuna mtu mlangoni anataka kuniita."

Maharagwe yalimwagika kutoka kwenye gomesi yake, lile gauni pana la mshipi. Hakuyaokota. "Hiyo chumba ya Taaka," akasema. "Hiyo chumba ya binti yangu."

Kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi. Nilipozaliwa nililia siku nyingi, wakanitajia majina ya waliokufa mmoja baada ya mwingine, na waliponitajia la Taaka, dada yake baba, nikanyamaza nikanyonya. Hivyo nikawa Taaka. Hadithi hiyo niliipenda tangu utotoni. Kitu ambacho sikuambiwa ni kwamba shangazi Taaka naye alikuwa anaanguka. Niliambiwa siku hiyo, na maharagwe yako chini.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Kukhu alisema jina limekuja na ugonjwa wake, na dawa ya jambo hilo ni kulirudisha. Mwenye jina anapelekwa kaburini, anamwambia marehemu kwa mdomo wake mwenyewe achukue jina lake amwachie mwili, na mzee wa ukoo anampa jina jipya hapo hapo. Mzee wetu, baba mkubwa Wandera, alikubali kwa simu, ila aliweka sharti. Siku tatu kabla nisimeze kidonge. Vitu viwili haviwezi kushindana ndani ya mwili mmoja.

"Mkimtoa dawa mnamuua," Mama alisema.

"Siku tatu tu," Baba akajibu.

"Aliyekuambia ugonjwa unahesabu siku ni nani?"

"Mama yangu hajawahi kuniomba kitu. Hajawahi."

"Na mimi nimekuomba mara ngapi?"

Walikuwa wanazungumza hivyo, nami niko hapo hapo. Halafu wakanigeukia wote, na Baba akaniuliza nataka nini, nami nikasema nitaacha vidonge. Nilikubali upesi kuliko walivyotarajia. Mama alidhani ni utiifu. Ukweli ni kwamba nilizifikiria fizi zangu. Pia nilitaka kukiona chumba.

Maana usiku na mchana nilikuwa nakiwaza. Kama chumba kile ni cha shangazi, basi kuna sehemu yangu ambayo ni yeye, na nimeanguka mimi kwa sababu ya jambo lililopandwa na yeye, au na mtu mwingine kabla yetu, na Mama Kirit alikuwa anasema kweli. Na kama si chake, basi kichwa changu kinaweza kutengeneza kitu cha uongo na kukipa uzito kuliko vitu vyote vya kweli. Sikujua lipi linaogopesha zaidi. Nilianza kushika vitu. Nilishika meza, mkebe, sikio la ndugu yangu, nikijiuliza kama nina hakika navyo, na kila mara hakika yangu juu ya meza ilikuwa ndogo kuliko ile hakika ya chumba. Nikafikia kufikiri kwamba hakika ni hisia tu, kama njaa. Inakuja mwilini, na kuja kwake hakumaanishi kwamba kuna chakula.

Tulikwenda Bulumbi wakati mtama unavunwa. Mama alifuatana nasi akiwa amefunga vidonge vyangu kwenye pembe ya leso yake, bila kumficha mtu yeyote.

Nyumba ya zamani ya Kukhu niliijua kwa nje tu, au ndivyo nilivyodhani. Siku zote nilipokwenda kule tulilala nyumba mpya ya bati. Safari hii nilimwomba Baba anionyeshe ndani yake. Aliusukuma mlango, kuku wakatoka. Kilikuwa chumba kidogo, kimejaa majembe na magunia, na kuta zake zilikuwa za udongo, kahawia, kama kuta zote.

"Si bluu," nikasema. Nilitegemea kufurahi. Nilihisi kama mtu aliyefiwa.

Baba alipitisha kucha ukutani, nyuma ya magunia, mahali moshi haukufika. Udongo wa juu ukabanduka. Chini yake palikuwa na rangi, kipande kidogo kama kiganja, bluu iliyofifia.

"Yeye mwenyewe aliipaka," Baba akasema. "Rangi ya dukani ilikuwa haijulikani huku. Alitumia bluu ya kufulia."

Nikakigusa kile kipande cha bluu. "Kwa hiyo ni kweli. Namwona yeye."

 Baba aliokota kile kipande cha udongo kilichobanduka akakishika. "Taaka, wewe ulilala humu. Nilipokuwa sijapata kazi mpakani. Kitanda chetu kilikuwa hapo. Rangi ilikuwa bado iko, tuliipaka udongo wewe ukiwa umeanza kutembea. Mama yako hakuipenda."

Kwa hiyo kulikuwa na chumba, na nilikuwa nimewahi kukaa humo, na kichwa changu hakikunidanganya. Kilikuwa kimekiokota tu kitu cha kweli na kunipa bila kunieleza kimekitoa wapi. Nilisimama pale nikijaribu kuona kama limebaki lolote la shangazi. Nilikuwa karibu kusema halikubaki.

Kaburi liko nyuma ya ile nyumba, karibu na mihogo. Tulikuwa watu wachache: Kukhu, Baba, Mama, baba mkubwa Wandera na majirani wawili. Kulikuwa na kuku jike na chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi. Simu ya baba mkubwa ililia akiwa anaanza kuomba, akaikata, ikalia tena, akampa jirani aende nayo kwenye mihogo. Kisha akasema anayetangulia kusema ni mama wa marehemu.

Kukhu alisimama. Nilidhani atasema maneno ya kawaida.

"Taaka wangu," akasema, "hii mtoto hana kosa. Kosa ni ya mimi."

"Mama, sema la kurudisha," baba mkubwa akamwambia.

"Nasema. Ngoja." Alikuwa hatutazami. "Ulikuwa naweka maziwa kwa moto. Ukaanguka. Mimi nilikuwa kwa mlango. Watu wakataka kuingia kukutoa, na mimi, mimi mama yako, nikasema, msiguse yeye, mate itawapata nyinyi na watoto yenu. Hivyo ndivyo tulifundishwa. Nikakuita kutoka kwa mlango. Nikakuita jina tu. Maziwa ikaungua mpaka ikakauka, roho yako ikatoka, na mimi bado nakuita. Sasa umerudi kwa hii mtoto ili nione tena. Nimeona. Basi, muachie."

 Harufu ya maziwa sikuwa nimemwambia Kukhu. Nilimwambia chumba. Maziwa nilimwambia Achieng, na watu wa benchi kule Tororo, na Mama alikuwa amekaa karibu akisikia.

Nilimgeukia Mama. Alijua ninachouliza. "Sikumwambia mtu," akasema kwa sauti ndogo, halafu, kwa sababu ndivyo alivyo, akaongeza, "Na kila nyumba imewahi kuunguza maziwa."

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile. Baba anasema wakubwa walikuwa wakiisimulia habari hiyo wakidhani mtoto kitandani amelala. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba vitu vinapita kutoka mtu hadi mtu kwa njia ambayo Mama Kirit analijua jina lake na mimi silijui. Daktari, nilipomuuliza baadaye, alisema harufu ya kuungua ni ya kawaida kwa watu wetu. Hayo yote nimeyaweka pamoja, na hakuna linalolisukuma lingine nje. Zamani nisingeweza kuvumilia hivyo. Ugonjwa umenizoeza kukaa mahali pasipo na jibu, kama nilivyozoea lile benchi.

Baba mkubwa akaniambia ni zamu yangu. Nilipaswa kusema: Taaka, chukua jina lako, niachie mwili wangu. Nikasogea mbele. Na hapo, juani, kwenye upepo wa mihogo, nikaisikia ile harufu.

"Kukhu," nikasema, "maziwa."

Yaliyofuata sikuyaona. Jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kunipata nilikuwepo na sikulishuhudia, nalijua kwa kuambiwa tu. Mama ndiye aliyenisimulia. Anasema majirani waliruka nyuma. Anasema baba mkubwa alipaza sauti, "Mama, muache, usimguse," na kwamba yeye Mama alikuwa anakimbia kutoka upande wa pili wa kaburi, lakini Kukhu alifika kwanza. Kukhu, ambaye magoti yake hayamruhusu kupiga magoti hata kanisani. Alijitupa chini, akanilaza ubavu, akaweka kichwa changu kwenye mapaja yake, na mate yangu na damu ya ulimi wangu vikaingia kwenye gomesi yake ya Jumapili. Hakuniita jina. Mama anasema Kukhu alikuwa amenishika tu, na amefumba midomo.

Nilipoamka niliona mihogo imelala ubavu, kisha nikaelewa kwamba aliyelala ni mimi. Chini ya shavu langu palikuwa pamelowa. Nilisikia tumbo la Kukhu likipanda na kushuka. Mkono wake ulikuwa usoni pangu, wala haukuondoka nilipofumbua macho.

Tulikaa hivyo. Kuku alikuwa ametoroka, jirani anamfukuza. Baada ya muda baba mkubwa alikohoa, akasema basi, tumalizie, mtoto aseme maneno yake.

"Sitaki kumrudishia," nikasema.

"Nini? Sema tena."

Nilijua ninavyokuwa nikiambiwa nirudie. Nilinyanyua kichwa kidogo kutoka kwenye gomesi. "Jina nitabaki nalo. Hakuna aliyemshika. Na mimi nikimfukuza, itakuwa mara ya pili."

Ilisikika. Baba mkubwa alimtazama Baba, Baba akamtazama Kukhu. Kukhu alikuwa anafuta kidevu changu kwa upindo wa nguo.

"Mmesikia yeye," akasema. "Mimi naye nakubali. Leteni hiyo malwa, watu wana kiu."

Jioni Mama alifungua pembe ya leso. Alinitazama tu, naye Baba akanipa maji, nikameza. Kichwa kiliniuma kana kwamba kimepigwa mchi, mwili mzima unauma, nikalala na nguo.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wengine kumaliza kunywa chai. Nilikunywa ya kwangu kwenye kikombe cha udongo chenye ufa, kimoja kati ya vile vya wote, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuleta kile cha kijani, au labda kuna aliyekumbuka kukiacha. Nilimeza kidonge changu. Kisha nikaenda nyuma ya mlango nikaichukua gomesi ya Kukhu, ambayo mate yalikuwa yamekauka juu yake yakaacha ramani nyeupe yenye kingo za kahawia. Alipiga kelele kutoka ndani, "Wewe acha hiyo, pumzika," lakini hakuja kuninyang'anya. Nikachota maji, nikakaa kwenye jiwe, nikaisugua mpaka alama ikatoka, kikabaki kivuli kidogo tu karibu na mshipi ambacho hakikukubali kutoka. Nikaitandaza kwenye ua karibu na ile nyumba ya zamani, upande wa juani, nikasimama nayo mpaka ikaanza kukauka.